Bia ya pipa ndani ya The Harp, London: acheni kusema ni ya moto

Karibuni tena watazamaji. Leo tuko London, mtaa wa Chandos Place, hatua chache tu kutoka Trafalgar Square, ndani ya baa ya The Harp. Ni nyembamba kama korido, ina vioo na picha ukutani na dirisha la vioo vya rangi. CAMRA, chama cha watetezi wa bia ya pipa, kiliitangaza baa bora ya mwaka 2010 nchi nzima. Sura yake mnaiona wenyewe, sikai hapo. Mimi nimefuata huu mkono wa pampu ya bia hapa. Sogeza kamera. Karibu zaidi. Eeh, huo.

Ila kwanza tumalizane. Kila nikitaja eli ya Uingereza, yaani hii bia ya pipa, mnaniambia, "Wazungu wanakunywa bia ya moto." Jamani! Bia ya moto ni ile inayoshinda kwenye kreti nyuma ya kaunta, Dar, mwezi wa Januari. Hii inatoka chumba cha chini ya sakafu, nyuzi 11 hadi 13. Shika glasi, ubaridi unausikia mkononi. Ukiigandisha hadi nyuzi 3, harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, inajifunga, unabaki unakunywa ubaridi mtupu.

Haya, mkono. Ndani ya kaunta kuna silinda inayobeba nusu painti. Painti yao ni mililita 568, kwa hiyo mivuto miwili kamili na kidogo cha kujazia, glasi imejaa. Hakuna gesi inayosukuma. Ni pistoni inafyonza, kama bomba la kisima kijijini. Sasa mtazame mhudumu. Glasi ameiinamisha. Anavuta polepole, mvuto mmoja mrefu usiokatika. Moja. Anaurudisha mkono, hauachii ukajigonga. Mbili. Glasi anaisimamisha, anangoja povu lishuke, anajazia. Turudishieni hapo, taratibu. Mnaona inavyoingia na ukungu, halafu inajisafisha kuanzia chini kwenda juu? Hapo ningeweza kukaa mpaka jioni. Anayevuta kwa fujo, mivuto mitano mifupimifupi, anakupa povu na kuifukuza hata ile gesi kidogo iliyomo.

Na sikilizeni pia. Mkono ukianza kutema mate, pff, pff, pipa limekwisha, unavuta hewa. Mhudumu anamwaga iliyotoka na kukigeuza kile kibao cha jina la bia kilicho kwenye mkono kitazame nyuma. Kibao kimegeuzwa? Usiagize hiyo. Ama imekwisha, ama pipa jipya bado halijatulia.

Halijatulia kwa sababu bia hii iko hai. Haikuchujwa, haikupashwa moto kuua hamira, inaendelea kuchachuka humo humo ndani ya pipa. Pipa linalazwa, kijiti cha mti laini kinachomekwa juu ili gesi ya ziada ipumue, na mashapo yanashuka kwa msaada wa dawa inayotengenezwa kwa mabondo ya samaki. Ndiyo, mabondo, watu wa Mwanza mnayajua kwenye sangara. Asiyekula samaki aulize kwanza, maana viwanda vingine vimeacha kuyatumia. Baa ikifungwa, kijiti laini kinatoka, kinaingia kigumu, gesi isitoroke usiku. Aliyesahau, kesho anauza bia iliyopooza, haina hata chembe ya kuchoma ulimini.

Sasa hesabu, na hii ndiyo itakayowaokolea hela. Pipa la kawaida la baa, firkin, ni galoni 9, yaani painti 72. Kila painti ikitoka, hewa inaingia, kwa hiyo likishaanza kuuzwa linatakiwa kuisha ndani ya siku 3. Gawanyeni: painti 24 kwa siku, kwa kila mkono. Umeingia baa Jumanne mchana, kuna wazee wawili na mbwa, na kaunta ina mikono 8? Hiyo ni painti 192 kwa siku. Nani anazinywa? Uliza ipi inatoka sana, agiza hiyo, au aga vizuri uondoke. Hapa The Harp watu wanafurika mpaka nje, pipa halipati muda wa kuzeeka. Njoo saa 11 jioni watu wakitoka kazini. Usiwe wa kwanza mlango ukifunguliwa, maana bia iliyolala usiku kucha kwenye mpira unaotoka pipani itakungoja wewe. Baa makini huimwaga. Zisizo makini, mh.

Ukipewa mbovu utaijua. Harufu ya siki: hewa imeshaiharibu. Ladha ya karatasi iliyolowa: imezeeka. Ukungu mzito: mashapo yametibuliwa au pipa liko mwisho, ingawa siku hizi zipo zinazotengenezwa na ukungu makusudi, uliza. Irudishe baada ya funda mbili, kwa upole, watabadilisha. Ukinywa nusu ndipo ulalamike, umejitakia.

Jambo la kuniudhi: kile kikofia cha vitundu wanachokifunga kwenye mdomo wa pampu kule kaskazini mwa Uingereza. Bia inapigwapigwa pale, inatoka na povu zito kama krimu. Kinachinja bia! Gesi yote inahamia juu, chini panabaki laini mno. Hii bia ninayokunywa, Harvey's Sussex Best, kileo asilimia 4, sitaki ipitishwe humo kabisa. Ila, tusidanganyane, bia nyingi za Yorkshire, huko huko kaskazini, zimepikwa zikikingoja kikofia hicho, ukikiondoa zinakuwa nyepesi, hazina mwili. Basi sikichukii. Nakichukia London.

Bei? Katikati ya London weka pauni 6 hivi kwa painti. Baa za kampuni ya Wetherspoon ni nafuu sana na mikono wanayo mingi, nendeni na ile hesabu ya 24. Mnaoomba nirekodi baa ya Ye Olde Cheshire Cheese, Fleet Street, nyumba iliyojengwa upya 1667 baada ya ule moto mkubwa wa London: ni ya kiwanda cha bia cha Samuel Smith, na tangu 2019 hao hawataki simu ndani. Kamera je? Ndiyo maana hamjaiona kwenye chaneli hii.

Kuagiza, mnasimama kaunta. Foleni huioni, lakini ipo, kila mtu anajua nani kamtangulia. Hakuna kupiga mluzi wala kupunga noti. Mtazame mhudumu, ngoja. Omba kuonja kidogo, wengi wanakupa bure. Anza na nyepesi, kileo asilimia 3.8 hivi, upande taratibu. Nusu painti si aibu. Unalipa hapo hapo, bakshishi hakuna anayeitegemea. Ukionekana chini ya miaka 25 uwe na kitambulisho, ingawa sheria ni 18. Usiyekunywa, soda na ndimu zipo na hakuna atakayekukodolea macho.

Kengele hiyo mmeisikia? Ya kwanza ni kuagiza ya mwisho. Ya pili, kaunta imefungwa, mmalizie kilichomo. Kipindi kijacho tuko Sheffield, Kelham Island Tavern, na mhudumu nitamwomba painti mbili za bia ileile: moja na kikofia, moja bila.