Nilivyochapisha TFC Nyawera: herufi safi, panya weusi

Hawa wa duka la kuchapisha la Nyawera, Bukavu, nawapa nyota tatu. Zingekuwa nne kama si ukurasa wa 31.

TFC yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo chuoni, inahusu jeni ya LRP5 na uzito wa mifupa ya panya wa maabara. Panya wenyewe sijawagusa. Hapa Bukavu nimesoma makala za watafiti na kuzilinganisha. Kazi yote imebebwa na picha tatu za ndani ya mfupa wa paja. Panya wa kawaida, mfupa wake kwa ndani ni kama sifongo. Aliyeondolewa jeni hiyo amebaki na nyuzi chache na mapengo. Wa tatu amewekewa jeni ya binadamu yenye badiliko la G171V, yaani kwenye nafasi ya 171 ya protini yake, asidi amino iitwayo glisini imenyang'anywa kiti na nyingine, valini. Sifongo ya huyo imejaa, matundu yanakaribia kuziba.

Kijana wa mashine alinipokea vizuri: "Docta, leta flashi." Kurasa 62, faranga 200 kila moja, herufi zimekolea, spirali inageuka bila kukwama. Hadi hapo sina neno.

Nikafungua wa 31. Panya watatu wamekuwa mmoja: madoa matatu meusi kama makaa ya jikoni. Wino umemeza kijivu chote, na mfupa mzito na mwepesi hutofautishwa kwa kijivu hicho hicho! Nikamwambia, kaka, umemponya panya mgonjwa.

"Lakini dada, panya si ni panya?"

Hapo nilikasirika kidogo, nakiri. Yule wa mapengo anatufundisha kuhusu watoto wanaozaliwa LRP5 yao haifanyi kazi: mifupa inavunjika ovyo, na macho hayaoni. Nikamweleza na upande wa pili. Kuna protini zinazopiga breki kwenye ujenzi wa mfupa. Badiliko la G171V linazifanya zishindwe kushika, mfupa unaendelea kujengwa. Mwaka 2002 watafiti walieleza familia za Marekani zenye badiliko hilo. Mifupa yao ni migumu ajabu, ila baadhi walilalamika kwamba kuelea majini kunawashinda.

Akaacha mashine. "Kumbe hao Ziwa Kivu lingewameza!"

Tangu hapo alifanya kazi kwa moyo. Alipunguza wino, akaongeza mwanga wa picha, akajaribu mara mbili kwenye karatasi chakavu, akaniita niangalie nyuzi moja moja. Ya tatu ilitoka sawasawa.

Kisha akanidai kurasa zote za majaribio. Hilo ndilo lililokula nyota. Kosa la mashine yao nililipie mimi? Mama mwenye duka alipotoka nyuma alikata nusu, bila kuomba radhi.

Maandishi matupu, nenda bila wasiwasi. Mwenye picha za skana au radiografia aombe kwanza ukurasa mmoja wa kujaribu, na akubaliane bei kabla ya kutoa flashi. Jioni usiende: umeme ukikatika, jenereta yao inawasha taa tu.