Trela la jeshi M416 kwa safari za porini

Ni trela la robo tani, lililoundwa Marekani livutwe na magari madogo ya jeshi. Bodi ni chuma kitupu, na sakafuni kuna vizibo vya kutolea maji. Kimoja kilikuwa kimeshikwa na kutu. Nilikilowesha mafuta usiku kucha ndipo kikafunguka.

Muuzaji aliniapia chasi ni nzima. Nilipokwangua rangi ya kijani karibu na springi, nikakuta ufa umezibwa kwa puti! Iliniuma sana. Jamani, ingieni uvunguni kabla ya kulipa.

Taa zilikuwa za volti 24, nikaweka za 12. Ile pete nene ya kuunganishia trela na gari sikuibadilisha: kwenye makorongo gari hulala upande, trela linafuata tu bila kukwama. Nalipenda mno.