Shawa ya kubana maji: nimeikubali, ila sio ya kila nyumba

Niseme wazi kabisa mwanzoni, hii shawa inabana maji kweli, sio maneno ya kwenye boksi tu, lakini kila kitu kinategemea presha ya maji ya kwako na ukinunua bila kuijua utakuja kuilaumu bure. Yangu ni ile imeandikwa lita 7.6 kwa dakika, ambayo ndio mwisho unaoruhusiwa kwa shawa yenye WaterSense, ile lebo ya Marekani ya vifaa vinavyobana maji, na zipo za chini zaidi ya hapo. Shawa nyingi za kawaida zinacheza kwenye 9.5, afu kuna zile za zamani ambazo zinamwaga tu, we hujamaliza hata kujipaka sabuni ndoo nzima imeshaenda.

Kabla hujanunua pima uliyonayo, haihitaji fundi. Chukua ndoo yenye alama za lita, fungua shawa mpaka mwisho, kinga sekunde 10 kwa saa ya simu, ulichopata zidisha mara 6 hapo umepata lita kwa dakika. Ya kwangu ya zamani ilitoa lita 2 na kidogo kwenye ndoo, ambayo ni kama 13 kwa dakika, mpya ikaja 7 na pointi. Sasa piga hesabu mtu akikaa chini ya maji dakika 8: kwa ile ya zamani ni lita 104, kwa hii haifiki 60. Na hapo bado hujahesabu umeme wa kuchemsha hayo maji, maana maji ya moto yasiyotoka hayahitaji kuchemshwa, hii watu huwa hawaifikirii kabisa wanaangalia bili ya maji peke yake.

Kufunga ni rahisi. Ya zamani ikigoma kwa mkono zungushia kitambaa ndo uweke plaizi, usikwangue bomba. Futa tepu ya zamani yote kwenye uzi, zungusha mpya kufuata upande ule ule unaokazia shawa, na hakikisha ile raba nyeusi ndogo iko ndani, mara nyingi inadondoka ukifungua boksi. Afu usikaze kwa hasira, nati yake ni plastiki inapasuka.

Kwenye kuoga sasa. Kuna aina mbili hizi shawa, kuna zinazochanganya maji na hewa, na kuna zinazobana tundu zikawa ndogo maji yakatoka membamba yenye nguvu. Nimeoga kwa zote na mi nachukua ya pili bila kufikiria, ile ya hewa ni laini ndio lakini maji yanapoa njiani, kichwani moto miguuni vuguvugu, msimu wa baridi utaichukia. Mwenye nywele nyingi atalalamika, povu linachelewa kutoka, na kwetu yupo mmoja ambaye anarudisha lita zote alizookoa kwa sababu hiyo hiyo. Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kitufe cha pembeni, unabonyeza wakati unajisugua maji yanabaki yanachuruzika kidogo tu, ukibonyeza tena yanarudi na joto lile lile huanzi kuhangaika na koki upya.

Haya, presha. Presha inapimwa kwa baa, na kimo cha mita 10 kinakupa kama baa 1, kwa hiyo kama maji yako yanashuka kutoka kwenye tangi lililoko mita 2 juu ya shawa una baa 0.2, yaani hakuna kitu hapo. Shemeji yangu aliona ya kwangu akaenda kununua ile ile, kwake tangi liko juu ya dari tu, maji yanatoka kama mate. Sio mbovu, haijatengenezwa kwa presha hiyo, na kwa presha ile shawa yake ya zamani ilikuwa tayari inatumia maji kidogo tu hakuwa na cha kupunguza! Na kama unatumia shawa ya umeme yenye hita humo humo kwenye kichwa chake, achana na mambo ya kuibana, maji yakipungua sana hita inaweza isiwake kabisa au yakaja ya kuunguza.

Kwenye boksi vilikuja na vile vichujio vya kufunga mdomoni mwa bomba. Kwenye sinki la kunawia ni vizuri sana, mtu ananawa au anapiga mswaki maji yanatoka kidogo yakiwa na hewa na hatambui tofauti. Jikoni nimekitoa. Sufuria ya lita 5 itachukua lita 5 tu hata ufunge nini, unachoongeza ni kusimama pale unasubiri.

Sasa kuna jambo linanifanya nisimwage sifa zote kwa hii shawa. Wakati naifunga nilifunga kila bomba la nyumba nikaenda kuangalia mita, nikakuta kale kasindano kekundu kanazunguka taratibu. Hakuna anayetumia maji! Nikatia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, nikakaa kama robo saa bila mtu kuflashi, kurudi maji ya kwenye bakuli yamegeuka rangi, maana yake raba ya chini ya tangi imechoka inapitisha usiku na mchana na haisikiki hata kidogo. Nikabadilisha raba, mita ikasimama. Kwa hiyo bili ilivyoshuka siwezi kukwambia kiasi gani ni cha shawa na kiasi gani ni cha karaba, na nikilazimishwa kuchagua nasema raba. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde peke yake linamaliza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka, sasa choo kinachovuja mfululizo ndo usiseme. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja, anza na mita na rangi, shawa itakusubiri.

Matatizo yake. Kama maji yenu yana chumvi vitundu vinaziba, mengine yanaanza kuruka pembeni yanapiga ukuta. Ilowekwe kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua vile vipira kwa kidole, inarudi. Kuna na kawavu ndani pale inapoungana na bomba, maji yakikatika yakarudi yanakuja na mchanga unakwama hapo, shawa inakuwa dhaifu ghafla unadhani imekufa, kumbe ni kuifungua na kusuuza. Rangi yake ya kung'aa imeshaanza kubanduka kwenye ukingo, ni plastiki iliyopakwa tu sio chuma kama picha inavyokudanganya, na karatasi ya maelekezo haijataja presha sehemu yoyote, hilo ndo limenikera zaidi.

Naipa nyota 4, ile ya tano imeenda na rangi na hiyo karatasi. Ukienda dukani geuza boksi uone hizo lita wamezipima kwa presha ya baa ngapi, kama hawajaandika irudishe kwenye shelfu.