Darasa la Bastola Houston: Mikono Imefunzwa, Nyumba Imesahauliwa

Jumamosi iliyopita nilihudhuria darasa la wanaoanza kutumia bastola katika duka moja la silaha jijini Houston, Texas, si kwa nia ya kununua, bali kwa sababu miaka niliyoishi Marekani imenionyesha kwamba asiyeielewa bunduki hatawaelewa vizuri majirani zake. Nililipa dola 85, pamoja na kuazimwa bastola na risasi 50.

Katika ufundi sina lawama. Kabla ya kugusa chochote, kila mwanafunzi alirudia kwa sauti kanuni za usalama: ichukulie kila silaha kuwa ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga hadi utakapokuwa tayari kufyatua, na ujue kilichopo nyuma ya shabaha. Mkufunzi alikuwa mpole, hasa kwa bibi mmoja aliyetetemeka mikono.

Duka lenyewe lilinifundisha zaidi. Bunduki za kuwindia zimesukumwa ukutani nyuma, na mbele zimepangwa bastola ndogo za kuficha kiunoni, pamoja na mikoba ya kike yenye mfuko wa siri wa silaha. Chama cha NRA, chama kikubwa cha watetezi wa bunduki Marekani, kilianzishwa mwaka 1871 ili kukuza ulengaji shabaha. Lakini katika utafiti wa mwaka 2023 wa Pew, kituo cha utafiti wa maoni cha Marekani, asilimia 72 ya wamiliki walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kumiliki bunduki. Tulipojitambulisha darasani, wengi walisimulia hofu ya kuvamiwa, na hakuna hata mmoja aliyetaja kuwinda kulungu. Mkufunzi naye alieleza hukumu ya Heller ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2008, iliyotambua haki ya mtu kuweka bastola nyumbani kwa kujilinda, kwa unyenyekevu wa mtu anayesoma aya.

Hapo ndipo somo lilipopwaya. Karibu saa nzima ilitumika kumjadili mwizi wa usiku, ilhali sefu ya kufungia bunduki ilipewa dakika chache, na kujiua hakukutajwa kabisa, ingawa zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini humo ni vya watu waliojiua. Nilipouliza wakati wa mapumziko, nilijibiwa kwamba hayo ni mambo ya familia.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Tangu Septemba 2021, sheria ya Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiye na kizuizi cha kisheria, kubeba bastola bila leseni wala mafunzo, hivyo waliokaa darasani walikuja kwa hiari yao, jambo ninaloliheshimu. Anayetaka leseni, ambayo jimbo bado linaitoa, aulize kwanza kabla ya kulipa, kwa kuwa darasa hili halihesabiwi kama mafunzo ya kupata leseni hiyo.