Lenzi ya praimu kwa picha za kila siku: anza na 35, halafu ndiyo ufikirie 50

Kamera nyingi zimeuzwa pamoja na lenzi ya zumu ya 18-55 mm (namba hizi huonyesha lenzi inaona upana gani: ikiwa ndogo, inaona pana zaidi), na watu hukaa nayo miaka na miaka wakidhani udhaifu wa picha zao uko kwenye kamera. Mchana, nje, lenzi hiyo haina shida. Jua likizama, au ukiingia kwenye chumba chenye taa moja, picha zinatikisika na kujaa chenga. Sababu ni tundu la lenzi. Ukiivuta zumu hiyo hadi 55, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya praimu, yaani isiyovuta wala kurudisha, yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Gawa 5.6 kwa 1.8, zidisha jibu kwa lenyewe, utaiona hesabu. Pale ulipolazimika kupiga kwa shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/20 ya sekunde, sasa unapiga kwa 1/200, na mtoto anayecheza sebuleni anatoka na sura yake badala ya kivuli. Ukipenda, unaibakiza shata ileile na kushusha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kutoka 6400 hadi 640.

Kuna watakaokuambia kwamba zumu yako ina kituliza mtikisiko, kwa hiyo huna haja ya kitu kingine. Kifaa hicho kinatuliza mkono wako, mtoto hakimtulizi.

Kabla ya kuchagua, jua sensa yako

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea. Ushauri unaosikika kila kona ni "nunua fifti", na mtu ananunua 50 mm f/1.8, anaifunga kwenye kamera ambayo sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ya APS-C, yaani ndogo, kisha anashangaa kila akiingia ndani mgongo wake unagota ukutani kabla watu hawajaenea kwenye picha.

Chukua mfano wa mtu aliyesimama mita 2 kutoka kwako. Kwenye sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 50 inaona upana wa mita 1.44 mahali aliposimama. Ihamishie kwenye APS-C ya Nikon, Sony au Fujifilm, upana unashuka hadi sentimita 94. Kwenye Canon unapungua zaidi, kama sentimita 89, kwa kuwa sensa yao ni ndogo kidogo. Sentimita 94 ni mtu mmoja na bega la jirani yake. Kwa sura ya mtu, safi kabisa. Kwa chakula mezani, wageni kwenye kochi, au marafiki watatu wamekaa karibu karibu, haitoshi. Lenzi ya 35 kwenye APS-C hiyohiyo inakupa mita 1.34, na hapo maisha ya kila siku yanaingia.

Jaribio lisilogharimu kitu: iweke zumu yako kwenye 35, usiiguse siku nzima, piga kila unachopiga kawaida. Kesho yake iweke 50. Tena fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta, zile unazozipenda, uangalie taarifa zilizohifadhiwa ndani yake. Utaona umezoea kupiga kwa milimita ngapi. Mtu ambaye nusu ya picha zake ni za 18 hadi 24 hatafurahia 50 hata akipewa bure.

Namba moja: 35 mm yenye f/1.8 au f/2

Hii ndiyo ningemshauri mtu yeyote mwenye kamera ya APS-C bila kumuuliza maswali mengi. Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G ipo tangu 2009, ina gramu 200, na kwa kuwa imeuzwa kwa wingi, za mtumba hazikosekani. Kwa Fujifilm, XF 35mm f/2 ni gramu 170 na imezibwa isiingize vumbi wala manyunyu. Sony wana E 35mm f/1.8 OSS, yenye kituliza mtikisiko ndani yake, jambo ambalo praimu nyingi za bei ya chini hazina. Wenye Canon za R, zile mpya zisizo na kioo ndani, waangalie RF 35mm f/1.8 Macro IS STM. Ni nzito kuliko hizo nyingine, gramu 305, lakini inasogea hadi sentimita 17 na kupiga kitu kwa nusu ya ukubwa wake halisi: pete, ua, mdudu, maandishi ya sarafu. Lenzi moja inayopiga chumba na pete pia ni ya kubebwa kila mahali.

Wenye kamera za Micro Four Thirds, aina wanayotumia Panasonic na Olympus, watafute 25 mm, maana sensa yao ni ndogo zaidi na 25 kwao inaona kama 50 inavyoona kwenye sensa kubwa. Panasonic wana f/1.7, Olympus f/1.8. Zote mbili zinatosha.

Kwenye sensa kubwa, 35 inakuwa pana: mita 2 mbele yako inaona zaidi kidogo ya mita 2. Ni nzuri kwa ndani na kwa mitaani, ila inataka ujasiri wa kusogea karibu. Ukimsogelea mtu mpaka uso wake ujaze fremu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Kosa hapo ni la umbali, lenzi haina hatia. Simama kama mita moja na nusu kutoka kwake, halafu ukikata picha baadaye, kata.

Namba mbili: 50 mm f/1.8

Kwa mwenye sensa kubwa, hii inapanda na kuwa ya kwanza pamoja na 35, na mara nyingi ndiyo lenzi ya bei rahisi kuliko zote kwenye orodha ya kampuni. Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alipiga sehemu kubwa ya kazi yake kwa Leica yenye 50, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haitoshi.

Ukiwa na Canon ya DSLR, ile yenye kioo ndani, tofautisha matoleo mawili. EF 50mm f/1.8 II ya mwaka 1990 ina kitako cha plastiki na visu 5 vya tundu, vile vipande vinavyolifunga. Taa za mbali zilizofifia nyuma ya mtu zinatoka na kona. Toleo la STM la 2015 lina kitako cha chuma, visu 7, na linasogea hadi sentimita 35 badala ya 45. Kama tofauti ya bei ni ndogo, chukua la 2015. RF 50mm f/1.8 ya kamera mpya ina gramu 160 na inasogea hadi sentimita 30. Sony FE 50mm f/1.8 ina picha nzuri, ila mota yake ya fokasi, inayolenga sehemu itakayotoka wazi, inasikika na haina haraka, kwa hiyo anayerekodi video aisikilize kwanza. Nikon Z 50mm f/1.8 S, ya kamera za Nikon zisizo na kioo ndani, ni jambo jingine kabisa: gramu 415, kubwa, na makali yake yanafika hadi pembeni hata tundu likiwa wazi lote.

Wenye Nikon D3000 na D5000 na ndugu zake wawe macho. Lenzi ya AF 50mm f/1.8D haina mota ndani, inategemea mota ya kamera, na kamera hizo hazina. Itafungika, itapiga, lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Herufi moja ndiyo inayokuokoa: tafuta ile ya G.

Namba tatu: lenzi nyembamba

Canon EF-S 24mm f/2.8 STM ina gramu 125 na unene wa sentimita 2.3. Nikon Z 40mm f/2 ina gramu 170. Naziweka hapa kwa sababu lenzi inayoachwa nyumbani haipigi picha, na hizi haziachwi. Ubaya ni kwamba f/2.8 inakupa mwanga mara 4 tu ya f/5.6. Kwa safari na matembezi ya mchana, sawa. Kwa mtu ambaye shida yake ni giza, arudi namba moja. Ile 40 ya f/2 haina ubaya huo, na kwa mwenye sensa kubwa asiyeweza kuamua kati ya 35 na 50 ni suluhisho la haki.

Namba nne: 85 mm f/1.8

Inapiga nyuso vizuri kuliko zote hapa. Lakini kwenye APS-C, ukiwa mita 3 kutoka kwa mtu, unaona upana wa sentimita 83 tu. Iwe lenzi yako ya pili.

Mwisho: f/1.4 na f/1.2

Kutoka f/1.8 kwenda f/1.4 unaongeza mwanga kama mara 1.65, tofauti ambayo ISO inaifidia bila jicho kujua. Kwa f/1.2 ni mara 2.25, lakini Canon RF 50mm f/1.2 L ina gramu 950, karibu mara 6 ya ile ya f/1.8. Anayepiga harusi kwa malipo ana sababu zake. Kwa picha za kila siku, uzito huo ni kikwazo, na pesa inayobaki inatosha kununua lenzi ya pili.

Ukishaipata

Wiki ya kwanza kila mtu hupiga kila kitu kwa f/1.8, na nusu ya picha zinaharibika. Kwenye sensa kubwa, 50 mm ikiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana wazi ina kina cha kama sentimita 10. Ukisogea hadi mita moja, zinabaki sentimita 4: jicho la karibu liko wazi, sikio limepotea. Kwa mtu mmoja, weka alama ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, au washa utambuzi wa macho kama kamera inao. Kwa watu wawili wasiokaa mstari mmoja, funga tundu hadi f/4. Kwa mita ile moja na nusu, kina kinapanda hadi kama sentimita 22, na wote wanaonekana. Mimi ndani huanzia f/2.2, kisha nafungua zaidi pale tu giza linaponilazimisha.

Juani kuna mtego mwingine. Jua kali, ISO 100, tundu f/1.8: kamera itahitaji shata ya karibu 1/8000, na nyingi za bei ya chini zinaishia 1/4000. Picha inaungua na kuwa nyeupe. Funga hadi f/2.8, shata inashuka karibu na 1/3200, umepona.

Ukinunua ya mtumba, nenda na kamera yako. Mulika tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili: nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo iache. Chembe chache za vumbi hazionekani kwenye picha, zisikukimbize. Weka f/16, piga mara kadhaa mfululizo. Picha zote zitoke na mwanga uleule, maana visu vyenye mafuta hunata na kufanya zingine zing'ae kuliko nyingine. Halafu piga gazeti au kitabu kilichofunguliwa kwa f/1.8 ukiwa umeinama pembeni yake, uvute picha kwenye kioo cha kamera, uone kama mstari uliofokasi ndio ulio wazi. Kwenye DSLR, fokasi inaweza kuangukia mbele au nyuma ya ulipolenga. Kama kamera yako ina sehemu ya kuirekebisha kwenye menyu, hilo halikuzuii kununua. Kama haina, omba ujaribu nyingine.

Na kwa aliyehamia Nikon Z akiwa na lenzi za zamani: adapta ya FTZ inaendesha fokasi ya lenzi za AF-S, zenye mota ndani, lakini zile za D haizifokasi. Canon EF kwenye kamera za R, kwa adapta yao wenyewe, zinafanya kazi kama zilivyokuwa, kwa hiyo fifti yako ya 2015 usiiuze.