Fundi wa redio wa Mwembe Tayari na busta yangu ya gita: nyota 4, ya 5 ameikwaruza mwenyewe

Niseme mapema hii si duka, ni kibanda. Hana bango, hana kadi, M-Pesa anapokea lakini simu yenyewe nusu ya siku imezima chaji, na yeye ndo fundi wa umeme ati. Ukiwa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ingia zile njia za ndani wanakouza viatu vya mtumba na chaja, ukiona redio za zamani zimepangwa mpaka darini na mzee ana miwani mbili, moja machoni moja kwenye paji la uso, umefika. Watu wote wamwita Ami, nami namwita Ami, jina lake sijui na sikuuliza.

Sasa kisa chenyewe. Mchana mimi ni makaratasi ya mizigo ya bandarini, wikendi usiku napiga gita na wenzangu kwenye mahoteli ya huku Nyali na Bamburi, na harusi zikipatikana. Shida yetu ni kinanda, kinameza kila kitu, ikifika zamu yangu ya kupiga peke yangu watu waniona vidole vyaenda tu hawasikii kitu. Nikataka busta. Na hapa niwaambie, Mombasa ukisema busta kila mtu akuuliza chaneli gani hazishiki, manake wao wajua ile ya antena ya TV. Hii ni pedali, kijisanduku unaweka chini baina ya gita na amplifaya, ukikikanyaga sauti inapanda. Za kununua kutoka nje bei zake nilizitazama nikafunga simu. Nikaamua kujitengenezea, nikachukua mchoro wa zamani kabisa, wa LPB-1 ya Electro-Harmonix, kampuni ya New York, imetoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na uzuri wake ndani hamna mambo mengi: tranzista 1 (ndo inayokuza sauti), rizista 4, kapasita 2, voliumu 1, basi. Nikajiambia mtu akishindwa na hii si mtu.

Nikashindwa.

Kisanduku nilichukua kile cha chuma cha soketi ya ukutani, cha hadwea, na kifuniko chake, nikakipiga rangi ya spreya ya buluu mara mbili nje na ndani, kikatoka kizuri mpaka mke wangu akauliza umenunua wapi. Tranzista ndo ilinisumbua. Mchoro wataka 2N5088, nikaenda duka moja la spea hapa mjini wakaniambia hiyo hamna, chukua hii BC549, ni ile ile kaka. Shilingi 20. Nikachukua, nikasolda jikoni usiku kucha, asubuhi nikachomeka gita, nikakanyaga, taa ikawaka vizuri kabisa, na sauti ikashuka. Yaani nimetengeneza busta ya kupunguza sauti. Halafu sauti yenyewe imeziba kama mtu anaongea na mto mdomoni, na nyuma yake kuna mvumo, na kila nikigusa waya wa kutokea inapiga kraka kraka.

Kabla ya Ami nilipitia kwa fundi mwingine, wa simu, meza yake iko barabarani, sitamtaja. Huyo hakupima kitu. Aliitazama, akasema hizi kapasita zimekufa, akabadilisha zote mbili, akachukua sh. 800, na akanirudishia ikiwa vile vile, tena amechoma mpaka mstari mmoja wa shaba kwenye bodi umebanduka. Nilipomwambia bado, akasema basi ni gita. Gita langu! Nilitoka pale nimenuna mpaka Kisauni.

Basi rafiki yangu mpiga besi akaniambia nenda kwa Ami, yeye alimtengenezea amplifaya iliyoingia maji ya chumvi. Nikaenda Jumanne asubuhi nikamkuta ana kahawa chungu na redio moja tumbo wazi. Nikamwamkia, nikaweka pedali mezani, akaitazama kama mtu atazamaye samaki, hana hakika kama ameoza.

"Hii ni nini mwanangu?"

"Busta, Ami."

"Ya TV?"

Nikamweleza. Akasema mchoro uko wapi. Hapo ndo nilijua nimefika pazuri, kwa sababu yule wa kwanza hakuuliza mchoro. Nilikuwa nao kwenye simu, akausoma kwa ile miwani ya paji, kimya, dakika nzima, kisha akacheka akasema kumbe ni hatua moja tu ya amplifaya, hii sisi tukizitengeneza ndani ya redio tangu wewe hujazaliwa.

Sasa sikilizeni vile anavyofanya kazi, manake hii ndo sababu naandika. Karibu nusu saa chuma cha solda hakikuguswa. Kwanza alitoa betri yangu akaipima peke yake, volti 9 kamili, sawa. Kisha akaniuliza na adapta unatumia ipi, nikamwonyesha ile niliyoitoa kwenye ruta ya zamani ya nyumbani, akaipima akaiweka kando kabisa, akasema hii chanya yake iko katikati, na pedali za gita nyingi zataka hasi katikati, ukichomeka hii umeunguza, shukuru Mungu ulianza na betri. Sikuwa najua. Kwenye adapta kumechorwa kabisa ile duara na alama ya kujumlisha na kutoa lakini nani husoma.

Kisha akapima miguu ya tranzista mmoja mmoja, ile ncha nyeusi ya mita ameikamatisha kwenye athi, yaani upande wa hasi wa betri. Pale mchoro unaposema kolekta, ule mguu sauti iliyokuzwa inapotokea, mita ikasema 8 na ushei. Akaguna. Akaniuliza, "Hapa wataka ngapi?" Mimi sijui. Akanifundisha, na hakuna fundi aliyewahi kunifundisha kitu Mombasa hii bila kulipisha juu. Alisema umeme wa gita unapanda na kushuka, sasa pale kolekta ni lazima pawe karibu na nusu ya betri, kwenye 4 na nusu hivi, ndo upate nafasi ya kupanda na nafasi ya kushuka. Ikikaa kwenye 8 ni kama mtu amesimama dari limemgusa utosi halafu wamwambia aruke. Na ikiwa rizista ya juu, ile baina ya betri na kolekta, ni kilo 10, yaani ohm elfu 10, na hapo panapotea nusu volti peke yake, basi tranzista haipitishi kitu, imelala.

Mimi nikasema basi tranzista imekufa, tubadilishe. Akanitazama. Akasema imelala si imekufa, kwanza tuisikilize.

Hapa sasa ndo palikuwa na raha. Ana kijiamplifaya cha kaseti cha zamani, spika nje, na waya mmoja mrefu mwishoni amesolda kapasita ya 0.1 na sindano. Ile kapasita inazuia volti za betri zisiingie kwenye amplifaya, inapitisha sauti peke yake. Akaniambia wewe piga gita mimi nitagusa. Nikakaa kwenye ndoo nikapiga nyuzi, yeye anagusa jeki ya kuingilia, lile tundu la kuchomeka waya wa gita, sauti nzuri. Anagusa upande wa pili wa kapasita ya kwanza, sauti imefifia tayari. Anagusa kolekta, imefifia zaidi, na pale ndo pangetakiwa kulia mpaka watu wageuke. Watu waligeuka hata hivyo, madereva wa tuktuk wawili wakaja kusimama, mmoja akaomba nimpigie rumba, mwenye viatu akasema sogeeni mwanizibia biashara. Ami hakuinua kichwa. Akasema, shida iko kwenye tranzista au miguu yake, kwengine kote ni sawa.

Akaichomoa. Akaishika na koleo upande bapa umemtazama, miguu chini, akaniambia nitafutie datashiti, ile karatasi ya maelezo ya kiwanda, ya ile ya mchoro. Nikatafuta. 2N5088, upande bapa ukikutazama, kutoka kushoto: emita, besi, kolekta. Sasa tafuta ya hii BC549. Kolekta, besi, emita. Kinyume! Besi iko katikati kwa zote, ndo maana bodi haikulalamika wala hakikuungua kitu, lakini nilikuwa nimeiweka kichwa chini miguu juu. Na tranzista ukiigeuza hivo haikatai kabisa, inafanya kazi shingo upande, nguvu yake ya kukuza inashuka vibaya sana, na huko mwanzoni inalinyonya gita ndo ile sauti ya mto mdomoni. Wiki 3 nimehangaika kwa sababu ya kitu cha kugeuza tu.

Nikaanza kulitukana lile duka, Ami akanikatiza, akasema hawakukudanganya, kwa kukuza zalingana zile, badala yake ni sawa kabisa, ila mtu akikupa badala ya dawa mwulize na kipimo. Mimi bado nasema wangeniambia. Muuza spea anayejua kwamba ni badala anajua na miguu, au hajui na hapo ndo vibaya zaidi.

Akaigeuza, na ule mstari wa shaba uliobanduka akauunga na kipande cha mguu wa rizista. Akapima tena: kolekta 4.7, emita 0.17, akatikisa kichwa kama mtu ameonja pilau ikakubali. Nikapiga gita, yallah, ile spika ya kaseti ilitoa mlio mpaka ikapasuka sauti, madereva wakapiga makofi.

Kraka kraka ilikuwa solda yangu kwenye jeki ya kutokea. Aliitazama kwa kioo cha kukuzia akasema hii umesolda au umebandika mavi ya mbuzi. Solda baridi, haijashika, yakaa juu tu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi ingekuwa kijani kabla ya Ramadhani. Akaiyeyusha akaipiga upya, sekunde 2.

Mvumo sasa. Na hapa ndo nyota ya 5 ilipopotelea. Aligusa kisanduku kwa kidole mvumo ukazidi, akasema kisanduku chako hakijui athi. Jeki huwa inashika athi ya kisanduku pale nati inapokaza kwenye chuma, sasa mimi nimepaka rangi mpaka ndani ya matundu, rangi ni kizuizi, kwa hiyo chuma chote kimekuwa antena badala ya ngao. Kabla sijasema kitu ameshatoa kisu, krrr krrr krrr, amekwaruza rangi yangu ya buluu kuzunguka matundu yote mawili. Kwa ndani sawa ilitosha! Yeye akakwaruza na nje. Mvumo ulikata palepale, siwezi kusema uongo, lakini ile pedali sasa ina duara mbili kama macho ya bundi na kila mtu aniuliza imefanya nini. Ami akasema hukuja hapa kupaka rangi.

Kitu cha mwisho hata sikumuomba. Nilikuwa nalalamika betri zaisha haraka, akatazama taa yangu nyekundu, nimeiwekea rizista ya 470. Akapiga hesabu kwa kidole mezani: taa peke yake yala karibu miliampea 15, tranzista yenyewe haifiki hata nusu ya miliampea. Yaani betri nilikuwa namnunulia taa. Akaweka rizista ya kilo 4.7, taa imepungua ila usiku jukwaani naiona vizuri sana, zamani ilikuwa yanipiga machoni kama pikipiki ya Mtwapa.

Bei: sh. 500 yote, na rizista bure. Nikimlinganisha na yule wa 800 aliyenichomea bodi, sina la kusema. Nilimwongezea ya kahawa akakataa, nikaiacha chini ya redio.

Sasa ubaya wake, manake si kila mtu atamvumilia. Ni polepole. Nilifika saa 3 asubuhi nikaondoka saa 8 mchana, katikati alifunga akaenda msikitini, akaja mama na blenda akahudumiwa yeye kwanza kwa sababu "mama ana biashara ya juisi, wewe una mchezo". Ukimwambia unajua tatizo ni nini anakuachia utengeneze mwenyewe, nimeona akimfanyia hivyo kijana wa saundi, akampa chuma cha solda akaendelea na kahawa yake. Risiti hana. Ukimwachia kitu ukaondoka hapigi simu, atakitengeneza au kitakaa pale na zile redio mpaka urudi, kwa hiyo kaa naye. Na kazi za bodi za simu hafanyi, atakurudisha.

Jumamosi nilienda nayo hoteli, nikaikanyaga wakati wangu, mpiga kinanda akageuka akanitazama vibaya sana, nikajua inasikika.

Ukienda beba mchoro, hata kwenye simu, beba na adapta yako aipime. Asubuhi ndo vizuri, Ijumaa usiende mchana. Na kama umepaka kisanduku rangi nzuri, kikwaruze mwenyewe ndani ya matundu kabla hujafika, akitoa kisu hakuna wa kumzuia.