Koti la mvua na baridi kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini: lipi ununue kwanza

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Uyole, Mbeya. Kuanzia Novemba mpaka Mei, kazi inayoniletea wateja wengi kuliko zote ni kubadilisha zipu za makoti. Kila koti linaloletwa nalipindua kwanza, naangalia bitana, kwapa na mabega, ndipo nashika mkasi. Baada ya miaka kumi na mbili ya kupindua makoti ya watu, nikilishika tu najua kama litarudi mezani kwangu baada ya wiki tatu au kama mwenyewe atalivaa mpaka mwanawe alirithi. Inaniuma kuona mtu ametoa hela ya mahindi yake akanunua koti zito, zuri kwa macho, halafu mvua ya kwanza ya Januari inamlowesha mpaka fulana.

Kwa kalenda, mambo ni mepesi: huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, Novemba mpaka Aprili au mwanzoni mwa Mei. Inafuata baridi kavu ya Juni, Julai na Agosti, kisha jua na vumbi la Septemba na Oktoba. Lakini mwili haufuati kalenda. Kyela iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini mita kama 1,700, na kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi kama sita. Anayetoka Kyela asubuhi kuleta mchele mjini anapita joto, mvua ya Tukuyu, ukungu wa Isongole na upepo wa Uyole kabla ya saa sita mchana. Njia ya Iringa nayo ni hivyo hivyo: Makambako umejikunyata, Chimala unatafuta dirisha lifunguke, ukifika Uyole unavaa tena. Na Tukuyu haingoji msimu. Huko mvua ya rasharasha inakukuta hata Julai.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na mengine yote yanatoka humo: usinunue nguo moja kwa kazi mbili. Nguo ya kuzuia maji iwe mbali, nguo ya kutia joto iwe mbali. Koti zito linalodai kufanya yote mawili likilowa haliwezi kukauka kwa siku mbili za mawingu ya Februari, na kesho yake asubuhi utalivaa bichi. Nguo mbichi ni mbaya kuliko kukosa nguo ya pili, maana maji yanapokauka juu yako yanachukua joto la mwili wako.

Namba moja: jaketi jepesi la mvua, la mtumba, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya sweta

Hili ndilo naliweka juu ya yote kwa mtu wa kawaida, mwalimu, muuza duka, mwanafunzi wa chuo, anayepanda daladala na kutembea. Ni lile jaketi la nailoni au poliesta lililopakwa mpako wa kuzuia maji upande wa ndani, lina kofia, ndani lina bitana ya wavu au halina kabisa. Ukilikunja linaingia kwenye mkoba. Ukifika kazini unalikung'uta mlangoni, na saa nne limeshakauka.

Nasema la mtumba kwa sababu makoti mengi ya aina hii yanayokuja kwenye mabalo yalishonewa watu wa nchi zenye mvua nyingi, na mishono yake imezibwa kwa utepe ndani. Huo utepe ndio siri yenyewe. Fikiria mshono wa bega: kila sentimita sindano imetoboa mara tatu au nne, bega zima ni matundu zaidi ya hamsini, na bega ndipo mvua inapopigia. Kitambaa kinaweza kuwa kizuri namna gani, mshono usipozibwa maji yatapitia humo. Lipindue jaketi papo hapo sokoni. Ukiona utepe mwembamba unaong'aa umefuata kila mshono, na haujabanduka pembeni, hapo umeshika koti. Utepe ukiwa umeinuka kama ganda la kitunguu, liache.

Nilikwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, mwezi uliopita na dada mmoja mteja wangu, nikamwonyesha ninavyofanya. Tulichambua makoti kama thelathini, tukatenga matatu. La kwanza lilikuwa la bluu, zuri sana, kama jipya. Nikaingiza mkono ndani nikausugua mgongo: kiganja kikatoka na unga mweupe. Huo ni mpako umekufa, unabanduka, na hakuna fundi wa kuurudisha. La pili mpako ulikuwa unanata kama gundi ya karatasi, nalo limekwisha. La tatu lilikuwa la kijani lililopauka mabegani, yeye hakulitaka kabisa. Nikatoa chupa yangu ya maji nikadondosha kidogo juu ya bega. Matone yakasimama kama shanga, yakateleza mpaka chini, kitambaa hakikubadilika rangi. Kwa ndani pakavu. Nikaweka mdomo kwenye kitambaa nikapuliza kwa nguvu, pumzi haikupita. Alilinunua, na wiki iliyofuata akanipigia simu kutoka Kiwira kuniambia amefika mkavu.

Mambo mengine ya kuangalia ni haya. Zipu ifunge na kufungua mara kumi bila kukwama, na iwe na kipande cha kitambaa cha kuifunika, kwa sababu zipu nayo ni mlango wa maji. Inua mikono kama umeshika usukani wa pikipiki: mikono ya koti isipande kuvuka kifundo cha mkono. Vaa kofia yake ugeuze shingo kulia na kushoto. Kofia isiyogeuka na kichwa inakuziba macho, na ukiwa unavuka TANZAM, barabara kuu ya malori ya Zambia, hilo ni jambo la hatari. Urefu uvuke makalio. Lile linaloishia kiunoni linamwaga maji yote kwenye suruali.

Kama maji hayasimami tena kama shanga lakini mpako wa ndani ni mzima, usikate tamaa. Lifue kwa sabuni kidogo, suuza sana, usitie dawa ya kulainisha nguo, likauke. Kisha weka kitambaa juu yake, pitisha pasi ya vuguvugu kwa haraka. Mara nyingi joto linaamsha ile dawa ya juu ya kitambaa inayofukuza maji. Soma kwanza lebo: yenye alama ya pasi iliyokatwa usiiguse, nailoni inayeyuka.

Namba mbili: suti ya mvua ya plastiki, koti na suruali

Kwa kijana wa bodaboda na kwa mtu wa shamba, hii inapanda kuwa namba moja. Plastiki haipitishi maji hata kidogo, na kwenye pikipiki mvua haitoki juu, inatoka mbele, halafu inajaa mapajani. Bila suruali ya mvua umelowa tu, hata koti liwe la namna gani.

Tatizo lake ni kwamba haipitishi jasho pia. Ukipanda mlima kwa miguu umeivaa, utafika umelowa kwa ndani na utadhani inavuja. Pia inapasuka msamba. Ya kwangu ya kwanza, niliyoinunua mpya katika duka moja la mjini, ilipasuka siku ile ile nilipopandisha mguu kwenye pikipiki, na muuzaji akakataa kuipokea. Tangu hapo nachuchumaa nayo dukani kabla sijatoa hela. Chagua iliyounganishwa kwa joto mishononi kuliko iliyoshonwa kwa uzi, na iwe saizi moja zaidi ya yako. Rangi iwe ya njano au ya chungwa, yenye mikanda inayong'aa ikimulikwa. Kwenye ukungu wa Isongole dereva wa lori hakuoni ukiwa na nyeusi. Wadogo zangu wa bodaboda, hili nawaomba.

Usiikunje ikiwa mbichi. Itundike kivulini, maana jua kali linaikausha plastiki ikaanza kukatika kwenye mikunjo.

Namba tatu: pancho

Ni lile vazi pana la plastiki lisilo na mikono, unalolivaa kwa kupitisha kichwa. Ni rahisi, inakaa mfukoni, lakini kwa mtu mzima anayetembea penye upepo haifai, itampepea mpaka shingoni. Lakini kwa mama mwenye mtoto mgongoni hakuna kinachoishinda. Jaketi haliwezi kufungwa juu ya mtoto, na wengi wanaishia kumfunika kwa khanga ambayo inalowa papo hapo. Pancho pana inawafunika wote wawili. Ila, mama, uso wa mtoto ubaki wazi muda wote. Plastiki isimguse puani wala mdomoni, na kila baada ya hatua chache geuza shingo umwangalie.

Namba nne: jaketi zito lililojazwa

Lile lililovimba, lenye mistari ya mshono. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi ya Njombe au Makete jalidi ikiwa imeyageuza majani meupe, ni vazi zuri mno. Kwa mvua, hapana. Kila mstari ule ni matundu ya sindano. Yenye manyoya ya bata ndani yakilowa yanajikusanya kama uji uliokatika na joto lote linaondoka. Yenye kujazwa poliesta yanavumilia kidogo. Kama unalipenda nunua, lakini uwe umeshapata la namba moja la kuvaa juu yake.

Namba tano: jinzi, ngozi na masweta ya kofia ya pamba

Vijana wanayapenda na mjini yanapendeza. Pamba inakunywa maji na kuyashika, jinzi inakuwa nzito na inakaa siku mbili bila kukauka, ngozi inakakamaa. Yavae Septemba.

Mwavuli sijauweka kwenye orodha. Mvua ya wima unafaa, mvua yenye upepo unageuka na kuvunjika mbavu.

Sasa sweta la ndani

Hapa hela kidogo inafanya kazi kubwa. Sweta la sufu likipata unyevu bado linatia joto. La kitambaa cha flisi, kile laini kama blanketi la mtoto, halinywi maji mengi na linakauka upesi. Kati ya hayo mawili, kwa mwenye watoto na maji ya kufulia ya shida, nachagua flisi, maana sufu ukiifua kwa maji ya moto ukaisugua inasinyaa ikabaki ya mdogo wake. Sweta la pamba liweke mwisho. Na mawili mepesi ni bora kuliko moja zito: Chimala unavua moja, Makambako unarudisha.

Kwa sweta la shule mzazi nunua mawili, hata kama ni kwa kuchelewesha kitu kingine. Mwezi wa pili na wa tatu sweta moja halikauki usiku mmoja, na mtoto anakwenda darasani na mikono mibichi. Najua kinachofuata kwa wengi wetu: tunaingiza jiko la mkaa ndani, tunafunga dirisha, tunatundika nguo juu yake na kulala. Tafadhali, msifanye hivyo. Hewa ya sumu ya mkaa inayoua haionekani wala hainuki, na nyumba ya baridi iliyofungwa vizuri ndiyo inayoikusanya. Nguo zianikwe chini ya paa la nje penye upepo, hata kama zitachukua siku mbili.

Miguu

Gambuti, bila mjadala, kwa yeyote anayekanyaga udongo wetu mwekundu kabla ya lami. Nunua zinazozidi mguu wako kidogo ili soksi nzito iingie, na angalia pale soli inapoungana na shingo ya buti kwa kuikunja kwa mikono: ukiona mstari mweupe wa kupasuka, rudisha. Usiku zijaze magazeti, yanavuta unyevu. Raba za kitambaa ziache nyumbani mpaka Mei. Yeboyebo zinafaa uani, barabarani miguu inaganda.

Mwisho ni wakati wa kwenda. Mvua ikishaanza, kila mtu anatafuta koti na muuzaji anajua. Nenda Septemba, jua likiwa kali na watu wanatafuta fulana, siku balo linapofunguliwa, asubuhi mapema. Vaa sweta lako la baridi hata kama utatoka jasho njiani, ili upime jaketi juu yake. Chukua na chupa ya maji.